Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wenye Kisukari

Ndugu mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama mliojitahidi kufika, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Kliniki ya kila Jumanne kwenye kituo cha afya iliendelea. Masomo ya lishe na utunzaji wa miguu yalifanyika. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, tuliiadhimisha sokoni kwa kupima watu sukari na presha bure. Tuliwazika wenzetu wanne, Mungu awalaze mahali pema. Taarifa ya Mhazini mnayo mkononi: mapato pamoja na salio la mwaka jana ni shilingi 2,418,000, matumizi 1,940,000, baki 478,000. Anayetaka kuona stakabadhi moja moja, faili liko kwa Mhazini, akaliangalie.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana vijiweni na kwenye kundi letu la WhatsApp, ingawa mbele yangu limesemwa kidogo. Nalo ni shilingi 1,150,000 tulizotumia kuleta kituoni, kwa muda, kamera ya kupigia picha ndani ya jicho, badala ya kununua stripu za kupimia sukari na fulana za chama. Imesemwa kwamba Mwenyekiti kajiamulia peke yake na kwamba katiba imevunjwa. Naomba nijibu, na naomba nisikatishwe.

Kikao cha kujadili matumizi hayo kiliitishwa mara mbili. Mara zote mbili akidi haikutimia, na mara ya pili tulikuwa watu 19 kwenye ukumbi tulioulipia. Katiba yetu inasema mkutano ukishindikana mara mbili, Kamati Tendaji itaamua. Kamati iliamua, na muhtasari wenye saini za wajumbe wote upo. Wazo nililileta mimi, sikatai, na kazi niliisimamia mimi, kuanzia barua ya kuombea kamera na mtaalamu hadi kuziba madirisha ya chumba cha ushauri kwa mablanketi ili kupatikane giza la kupigia picha. Waliokuwa na mawazo bora kuliko hilo hawakuja kuyasema.

Kuhusu stripu, naujua umuhimu wake, nami natumia. Lakini gaweni fedha ile kwa wanachama 214 muone. Kila mmoja angeambulia stripu tisa au kumi, na kabla ya wiki mbili kwisha tungekuwa palepale.

Jicho ni jambo lingine. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Mishipa inavimba, inavuja, mingine inaziba, na baadaye inaota mipya isiyo imara inayopasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Muda mwingi wa safari hiyo hausikii maumivu na wala huoni ukungu. Ndiyo maana mwongozo unasema mwenye kisukari aina ya pili apimwe macho mara tu anapogundulika, mwenye aina ya kwanza apimwe baada ya miaka mitano, kisha wote wapimwe mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka, hata kama wanaona vizuri.

Kuna mwenzetu, fundi cherehani, ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikuja kituoni kwa kunionea haya tu, akisema anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akatiwa matone ya kutanua mboni, akasubiri, picha ikapigwa. Mtaalamu akatuonyesha kwenye skrini: madoa mekundu yametapakaa, na karibu kabisa na kitovu cha kuonea kuna vidoa vya njano, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye mishipa. Mama wa watu alikaa kimya, kisha akauliza, “Hilo ni jicho langu kweli?” Alipewa rufaa, akaenda, na sasa yuko kwenye matibabu. Fulana ingemsaidia nini?

Wapo wanaosema kupimwa hakuna faida kwa sababu uoni uliopotea haurudi. Mwingi haurudi, ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuwahi. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba leza hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu kwa wale ambao ugonjwa umeshakuwa mkali. Siku hizi kuna na sindano za ndani ya jicho. Lakini tiba hizo zinamfaa zaidi aliyepatikana kabla uoni haujapotea.

Wengine wameuliza kwa nini tusiende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya KCMC Moshi waliko mabingwa. Rufaa zetu ndiko zinakokwenda. Ila mwanachama anayetoka Usangi hapandi gari akapimwa akarudi hivihivi. Matone yale yanamwacha akiona ukungu kwa saa kadhaa na jua likimchoma macho, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumshika mkono. Hizo ni nauli mbili na siku nzima ya shamba imepotea, ili pengine aambiwe yuko salama. Kituoni anakuja Jumanne kwa sukari na presha kama kawaida, na jicho linapigwa picha palepale. Anayepanda gari ni yule mwenye tatizo.

Na lile swali la “nesi atasomaje jicho” nalijibu hivi: muuguzi anapiga picha, msomaji aliyefunzwa anaziainisha, zenye mashaka zinakwenda kwa daktari bingwa. Uingereza walijenga mpango wao wa taifa kwa utaratibu wa namna hiyo kuanzia 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba, kwa mara ya kwanza baada ya angalau miaka 50, kisukari hakikuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi England na Wales. Waliotafiti walitaja upimaji huo kuwa miongoni mwa sababu zinazowezekana.

Matokeo yetu ni haya. Waliopimwa ni 96. Picha za wanane hazikusomeka, wengi wao kwa sababu ya mtoto wa jicho. Wenye mabadiliko ni 27, na kati yao 11 walipewa rufaa ya haraka. Saba wamekwenda. Wanne hawajakwenda mpaka leo, nimewapigia simu mwenyewe, na nawaomba kwa heshima zote waende, nauli yao ipo kwa Mhazini. Wapo walionung'unika kwamba tuliwapima hata wasiolipa ada. Ndiyo, tuliwapima, na tutawapima tena.

Wanachama 118 hawakuja kabisa. Hili limeniuma kuliko maneno ya kwenye simu. Kule Kirinyaga, Kenya, watafiti waliwatumia wagonjwa wenyewe kuwahimiza wenzao kwenye vikundi vya kisukari, na waliokwenda kupima macho wakaongezeka. Sisi hata kumgongea jirani mlango tumeshindwa.

Ada ni 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 71. Deni tunalodai ni 1,290,000, zaidi ya gharama yote ya kamera. Wengi wanaolalamikia matumizi wamo kwenye orodha hiyo ya wadaiwa. Majina sitayasoma, Katibu anayo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuzungumza na halmashauri ili upimaji wa macho uingie kwenye kliniki kama ulivyo upimaji wa presha, na mmoja wa wauguzi wetu apate mafunzo. Rwanda na Zambia wameshajaribu programu za kompyuta zinazosoma picha hizi, huenda nasi siku moja zikatufikia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo tunaitazama kwa matumaini. Kamera itarudi Mungu akipenda, na fedha zikipatikana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti