Injini ikizima mtoni, usipige stati

Mhariri,

Masika yanaposhika, vivuko vya mito vya bonde la Usangu, huku Mbeya, humeza magari ambayo yangevuka salama. Dereva ashuke kwanza, apime kwa fimbo: maji yakizidi katikati ya tairi, au yakimyumbisha miguu, asubiri. Aingize foo-wili ya gia nzito (magurudumu yote manne yasukume, kwa nguvu na polepole) akiwa bado pakavu, namba mbili, mwendo wa mtu anayetembea, wala asiguse klachi majini. Gari likisita, wimbi la mbele hurudi kwenye injini.

Injini ikizima humo, nawasihi, msipige stati! Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na konrodi, chuma kinachosukumwa na pistoni, huweza kupinda papo hapo. Livuteni nje, mfungue plagi (za petroli) au nozeli (za dizeli) kwanza, maji yapate pa kutokea. Ng'ambo, kausheni breki kwa kuzikanyaga taratibu gari likitembea, kisha kagueni oili ya difu, gia za ekseli: ikifanana na chai ya maziwa, imeingia maji, imwageni mweke mpya siku hiyohiyo.

Msomaji,
Mbeya