Oldonyosambu hakwenda mtu: barua ya wazi kwa vijana wa Land Rover, Arusha na Moshi

Wanangu,

Shikamoo zenu nazipata kila asubuhi kwenye simu, na kila asubuhi naitikia marahaba. Leo nimeitikia na bado nina neno. Limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Mnaikumbuka Alhamisi ile ya mvua. Saa tatu na dakika kumi usiku mwenzetu mmoja, kijana wa Ngaramtoni, aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba gari limechemsha, yuko kando ya barabara ya Namanga karibu na Oldonyosambu, amebeba mkewe na mtoto wa miezi saba, na chaji ya simu inakaribia kwisha. Akatuma na picha: boneti wazi, mvuke, na giza. Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka alfajiri nilikuta ujumbe 97 chini ya ule wake. Nikavaa miwani nikausoma wote, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta mahali palipoandikwa "nakuja". Sikupaona.

Nilichokiona ni hiki. Watu kumi na mmoja walisema ni gasketi ya hedi. Wengine wakasema ni wota pampu, ukazuka ubishi. Mmoja akamuuliza mpira wa rejeta alinunua duka gani, na mwingine akamjibia kwamba bila shaka ni ule wa bei chee. Kisha ukaja utani wa injini, maana wote mnajua kijana yule amefunga injini ya Toyota, gari la Kijapani, kwenye Land Rover 110 yake. "Mwambie Mjapani akusukume." Vikaragosi vya kucheka hadi machozi vikajaa ukurasa mzima. Saa tano usiku mtu akaweka tangazo la rimu anazouza. Na "pole sana mkuu" nilizihesabu, zilifika 23.

Kutoka Sakina hadi Oldonyosambu ni lami tupu, mwendo usiofika saa moja. Kundi letu lina watu 214. Ngaramtoni peke yake, hapo jirani kabisa na yeye, nawajua wanne wenye gari zima na kamba ya kuvutia.

Aliyemwokoa hakuwa na gari. Ni kijana wa Kimaasai wa boma la karibu, aliyeona taa zikiwaka na kuzima akajua kuna mtu ana shida. Alikuja na dumu la maji kwenye baiskeli, akarudi kuleta la pili, na mpira uliopasuka wakaufunga pamoja kwa vipande vya tyubu kuukuu. Walifika nyumbani saa nane usiku, polepole, wakisimama kila mara kuongeza maji. Asubuhi kijana wetu akatoka kwenye kundi. Simu zetu zote zilitangaza kwamba ametoka. Hakuna aliyeuliza sababu. Dakika nne baadaye kulikuwa na picha ya taa mpya za mbele za mtu, na watu wakasifu.

Hapo ndipo nilipoumia, wanangu. Oktoba 2024, mji wa Arusha ulipojaa Land Rover za kila umri na kila rangi, na nchi nzima ikataka tuivunje rekodi ya Wajerumani ya msafara mkubwa kuliko yote wa Land Rover, ninyi hamkukosa hata mmoja. Mliosha magari hadi matairi. Kuna aliyetoka Moshi saa kumi alfajiri asichelewe kupanga foleni. Nilisimama kando ya barabara nikiwaangalia mnapita na bendera, koo likanikaba kwa furaha, nikasema wazee wenzangu waliolala wangeliona hili! Sasa najiuliza, yale mahaba ya mchana yalikuwa ya nini ikiwa usiku hayajui njia ya Oldonyosambu?

Niwasimulie jambo. Mwaka 1987 nilikuwa dereva wa Land Rover 109, pikapu, nimebeba mabati na saruji za zahanati kwenda ng'ambo ya Engaruka. Wakati ule lami ya kutoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu hakuna, na baada ya Mto wa Mbu ni vumbi na makorongo tu. Katikati ya korongo la mchanga nikasikia mlio kama fimbo imevunjika, gari likasimama, injini inanguruma na magurudumu yametulia. Mnaojua zile za zamani mnajua: shafti ya nyuma, chuma kinachozungusha gurudumu. Ndiyo udhaifu wao mkubwa. Nilikaa pale tangu saa sita mchana. Simu haikuwepo. Maji nilikuwa na chupa moja.

Jua linazama, ikatokea Land Rover nyingine. Nilipomtambua dereva moyo ulininywea, kwa sababu mtu yule tuliwahi kutukanana vibaya kwenye foleni ya mafuta, karibu tushikane mashati. Alisimama. Akashuka. Hakuuliza nimefanyaje, hakunikumbusha la foleni. Aliinama chini ya gari, akainuka, akasema, "Tulale, asubuhi tutaitoa." Tukalala ubavuni mwa magari, tukala ugali wake na chumvi. Kulipokucha tulizitoa shafti zote mbili za nyuma, tukavitoa na vipande vilivyobaki ndani ya difu, lile boksi la gia la nyuma, tukaziba habu za magurudumu kwa matambara mchanga usiingie. Kisha akaingia ndani, akakibonyeza kile kifundo cha njano, gari likavutwa na miguu ya mbele peke yake. Sikujua kwamba inawezekana. Miaka mitano nilikuwa nakibonyeza kile kifundo sijui kwamba kinaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Hakuniacha. Alinifuata nyuma hadi Mto wa Mbu kwa mwendo wa ng'ombe wa kuuza. Mwaka mmoja baadaye ndipo niliposikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba mwajiri wake alimkata mshahara kwa kuchelewa siku mbili, na yeye mwenyewe hajawahi kunitamkia. Tulikuwa ndugu hadi alipofariki. Alipozikwa Machame nilikwenda na 109 ile ile, nikaiegesha karibu na kaburi ilipowezekana.

Kwa hiyo mtu anaponiambia anaipenda Land Rover, sitazami rangi wala vioo. Nataka kujua amemvuta nani, ametoka kitandani kwa ajili ya nani. Hata kuzaliwa kwake gari hili ni habari ya shida. Lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kipimo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Walitumia walichonacho. Limefika kwetu likakuta nasi tunatumia tulichonacho: mpira wa tyubu, waya wa uzio, sabuni ya kipande ya kuziba tangi linalovuja. Gari la namna hiyo halikuumbwa limilikiwe na mtu mmoja mwenye kiburi.

Na hili la injini lifike mwisho. Nimechoka kulisikia. Eti mwenye injini ya Toyota "si mwenzetu". Kijana yule ameiweka 1HZ, injini ya Toyota, kwa sababu spea zake zinapatikana hata Karatu, kwa sababu ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta, na kwa sababu ana familia ya kulisha na gari ndilo jembe lake. Wako mnaotamba na Td5, injini ya Land Rover yenyewe, iliyokuja mwaka 1998 na kompyuta yake, na taa ya injini ikiwaka hamna la kufanya hadi aje mtu na mashine ya kupimia. Siwabezi. Kila mmoja na gari lake na sababu yake. Lakini anayemcheka mwenzake aliyekwama gizani na mtoto mchanga, huyo hata awe na Land Rover ya mwaka 1958 yenye kila nati ya kiwandani, kwangu hajajifunza kitu.

Mama yangu alikuwa Mpare wa Usangi. Kule kwao kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu: mfereji umebomoka, njia imekatika, jirani anajenga. Hakuna nyumba iliyowahi kulisikia baragumu ikajibu kwa kusema "poleni sana" halafu ikaendelea kuota moto. Hiyo ingekuwa aibu ya vizazi. Siku hizi baragumu liko mfukoni mwa kila mtu, linalia mara mia kwa siku, na tumejifunza kulijibu kwa kidole gumba.

Hili si lenu peke yenu, nakiri. Ni letu sote. Basi likipinduka leo, wa kwanza kufika anatoa simu apige picha, mkono wa pili anao na haushiki majeruhi. Harusi tunachanga hadi tunakopa, kuna kamati, kuna ahadi, kuna anayekupigia kila jioni kukukumbusha. Msiba vilevile, tunajaza magari. Mtu akiwa hai, amekwama na anahitaji lita mbili za maji, hakuna kamati. Nimewahi kuona tukimchangia marehemu jeneza la bei kubwa na alipokuwa akiumwa hakuna aliyempeleka hata hospitali ya KCMC. Tunawapenda watu wakishanyamaza.

Nanyi ni vijana wangu wazuri. Msidhani sioni. Namjua aliyemfundisha mwenzake kuchomelea bila malipo. Namjua binti wetu wa Moshi, pekee kati yenu anayefungua giaboksi mwenyewe na kuifunga bila nati kubaki mezani, na nawajua pia wanaomwandikia maneno ya kipuuzi kila akiweka picha. Acheni. Anawazidi ufundi.

Mengine nayasema kwa haraka kwa sababu mnayajua.

Spea zisifichwe. Defender ya mwisho ya aina yetu ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na milango haioti shambani. Mwenye mbili zinazofanana amgawie au amuuzie mwenzake kwa bei ya kibinadamu.

Fundi alipwe siku ya kazi.

Ukimuuzia mwenzako gari, mwambie fremu imeoza wapi.

Safari za Jumapili, anayeendesha asinywe. Hata moja.

Anayeenda taratibu asiachwe nyuma. Wa mbele amsubiri kila njia panda mpaka amwone.

Siasa na dini viwekwe nje ya kundi.

Nimekwenda Ngaramtoni kumwona kijana. Alinipokea vizuri, mkewe akanipikia chai ya maziwa, mtoto nikampakata. Hakumlaumu mtu. Aliniambia tu kwamba kilichomuuma si giza wala mvua, ni kwamba kila simu ilipolia mkewe alisema, "Wenzako hao, wanakuja." Akafungua kusoma, akakuta kicheko. Mara tano. Baada ya hapo akaizima, akamwambia mkewe chaji imekwisha.

Nimemwomba arudi. Hakukubali wala hakukataa.

Sasa nawaambia nilichoamua, nanyi mtaamua chenu. Tangu usiku ule simu yangu inalala na sauti, karibu na mto. Nyuma ya gari langu pana kamba ya mita 10, madumu mawili ya maji, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, klipu, mkanda wa feni na tochi. Macho yangu ya usiku hayafai tena, lakini mwanangu wa mwisho amekubali kuendesha. Kati ya Longido na Tengeru, mtu akikwama tutakwenda. Namwomba mmoja wa Moshi ajitokeze achukue upande wa Boma Ng'ombe hadi Himo, na mmoja wa Karatu upande wa bondeni. Akijitokeza aandike "nakuja", tutaelewa.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi narudi Ngaramtoni. Mpira ule bado umefungwa tyubu, na rejeta inahitaji kushushwa ioshwe. Baada ya hapo tunapanda Oldonyosambu kumshukuru kijana wa baiskeli. Tumemnunulia tyubu mbili mpya na tairi moja. Tutakutana kituo cha mafuta cha kwanza ukishapita Sakina. Wenye spana namba 10 na 13 waje nazo, zangu zimepotea. Na yule aliyeandika kuhusu Mjapani, namwomba awe wa kwanza kufika.

Baba yenu,
dereva mstaafu, Tengeru