Nyota za Kihindi hazisomwi bila saa ya kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi siku hizi wanajifunza kusoma chati za kuzaliwa kwa elimu ya Kihindi, jyotisha, kupitia simu. Mimi nilifundishwa na mzee wa Kigujarati hapa Mombasa, kwa penseli na karatasi. Hatukugusa sayari hata moja kabla ya kupata lagna, yaani buruji (moja ya alama 12 za nyota) inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa. Hubadilika takriban kila saa mbili, na nyumba zote 12, yaani sehemu za chati zinazosimamia mambo ya maisha, huhesabiwa kutoka hapo.

Sasa mtu anakuambia, "Nilizaliwa alfajiri." Alfajiri ipi? Mzee alikuwa akisema: rudi kamuulize mama, adhana ilikuwa imeshatolewa? Jua limetoka? Baada ya hapo ndipo tulipoutafuta Mwezi na kituo chake kati ya vituo 27 vya njia yake angani.

Binti wa jirani yangu ameambiwa na mwalimu mmoja wa mtandaoni kwamba ndoa yake itavunjika, eti Mirihi imekaa nyumba ya 7, ile ya ndoa. Saa ya kuzaliwa hakuulizwa. Analia mpaka leo. Nawaomba wanaofundisha elimu hii: msimruhusu mwanafunzi atamke neno kuhusu ndoa ya mtu kabla hajajua kuitafuta lagna kwa mkono wake.

Msomaji wenu,
Mombasa