Sholay ilimtoa Gabbar, si Amitabh

Kwako Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu waigizaji waliotolewa gizani na picha moja niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, maana mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Katika orodha ndefu ya Wamarekani, Amitabh Bachchan, mwigizaji wa India, amepewa mstari mmoja, na mstari wenyewe una kosa. Umesema picha ya Sholay ndiyo iliyomtoa, tena "kwa usiku mmoja".

Nilikuwa mkata tiketi katika sinema moja hapa Mombasa, jengo ambalo leo ni bohari ya magodoro. Picha za Kihindi nilizionea mlangoni, nusu nikitazama pazia, nusu nikiwatazama watu. Kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Sholay ilitoka India mwezi Agosti 1975. Kufikia hapo Amitabh alikwisha kuwa Amitabh. Iliyomtoa ni Zanjeer, Mei 1973. Na huo usiku mmoja mnaousema ulichukua miaka minne, kwa sababu picha yake ya kwanza, Saat Hindustani, ni ya 1969. Baina ya hizo mbili alicheza picha kadhaa, na nyingi zikaanguka. Katika Reshma aur Shera walimpa nafasi ya bubu! Sauti ile ambayo baadaye watu walilipa kiingilio waisikie tu, wakaifunga mdomo. Hata Zanjeer yenyewe haikuandaliwa kwa ajili yake. Ilipitia kwanza kwa wenye majina, Dharmendra na Dev Anand miongoni mwao, ndipo ikamfikia yeye.

Waliomsemea kwa mwelekezi Prakash Mehra ni waandishi wa hadithi yenyewe, Salim Khan na Javed Akhtar. Javed amesimulia kilichowavutia. Katika Bombay to Goa ya 1972 kuna ugomvi mkahawani. Amitabh anatafuna kitu, anapigwa ngumi, anaanguka, anainuka, na taya bado linatafuna. Mimi picha hiyo niliiona, na hilo taya sikuliona. Nilikuwa natazama ngumi kama watu wengine wote.

Sasa njooni kwenye kile kituo cha polisi ndani ya Zanjeer. Anaingia Pran, anacheza Sher Khan, mbabe wa mtaa. Wakati huo Pran alikuwa na jina kumshinda stelingi mara kumi. Anasogea kwenye kiti akae. Inspekta Vijay, ndiye Amitabh, anakipiga kiti teke kabla jamaa hajakalia, kisha anamwambia asimame kwa adabu mpaka aambiwe kaa, hapa ni kituo cha polisi, si nyumbani kwa babake. Sijui Kihindi cha kuandikia barua, lakini hilo nililielewa bila mkalimani.

Katika sinema yetu picha zilipimwa viti vya mbele, vile vya bei rahisi, si kule juu balkoni. Viti vya mbele vilikuwa na desturi ya kuzungumza na pazia: kumwonya stelingi, kumtukana adui, kumwombea dua mama mzazi. Teke lile lilipopiga, walinyamaza. Nakumbuka nilisikia mashine ya picha ikizunguka kule nyuma. Halafu ndiyo ikaja kelele yenyewe, na njugu zikamwagika. Saa ya intavali vijana walinijia mlangoni, si mmoja, si wawili, wote na swali lilelile: "Huyu mrefu anaitwaje?" Kwetu sisi wa mlangoni hiyo ndiyo iliyokuwa dalili. Mtu akitoka ukumbini akiuliza jina, umepata nyota. Akitoka akiuliza saa, hujapata kitu.

Nirudi kwenye Sholay, kwa kuwa ndiko makala ilikoteleza vibaya zaidi. Picha hiyo kweli ilimtoa mtu, ila mlimkosa. Dharmendra, Hema Malini na Sanjeev Kumar walikuwa wakijulikana tangu zamani. Aliyetoka gizani ni Amjad Khan, jambazi Gabbar Singh. Nafasi hiyo ilikuwa imeahidiwa Danny Denzongpa, naye Danny akawa amefungika na picha nyingine iliyokuwa ikipigwa Afghanistan. Ndipo akaitwa huyu mtu wa jukwaani, mtoto wa mwigizaji Jayant, ambaye watazamaji wengi hawakuwa wakimfahamu.

Tazameni anavyoingizwa. Uso hamwonyeshwi. Mnaona buti zikipita juu ya mwamba, na mshipi unaburutwa, chuma chake kikikwaruza jiwe. Vijana wake watatu wamerudi mikono mitupu. Anawauliza walikuwa watu wangapi. Wawili. Anatoa bastola, anafyatua risasi tatu hewani, anaizungusha, anawalenga mmoja mmoja kichwani. Ta. Ta. Ta. Zote tupu. Wote watatu wamepona. Gabbar anaanza kucheka, wao wanacheka, genge zima linacheka juu ya majabali, na ukumbini kwetu nako watu wakaanza kucheka, hata mimi niliyekwisha kuiona maonyesho mawili kabla ya hapo. Halafu anawaua wote watatu, na ukumbi mzima unabaki na kicheko mdomoni usijue ukipeleke wapi. Hapo hakuna mtu wa kumsaidia mwigizaji. Ni kile kicheko chake tu, kinavyoanza kidogo kooni na kukua, na unajua kinakokwenda, na bado unakifuata.

Wiki hiyo hakuna mtoto wa kiume mtaani kwetu aliyevaa mshipi kiunoni. Yote ilikuwa ikiburutwa barazani. Kule India walifika hadi kuuza sahani za santuri zenye maneno ya picha, na Gabbar akatumiwa kutangaza biskuti za watoto. Jambazi wa kuua, anauza biskuti! Sijapata kusikia stelingi mwingine aliyepitwa hivyo na adui wake.

La pili ni kuhusu Lupita Nyong'o. Hapo hamkukosea tarehe, mlikosea macho. Mmempa aya tatu, mbili kati yake ni za gauni la samawati alilovaa usiku wa Oscar. Alichokifanya ndani ya 12 Years a Slave hakikupata hata sentensi. Kuna pale Patsey, mtumwa anayechezwa na Lupita, anaporudi shambani, bwana wake akiwa amechachamaa kumtafuta, naye anajitetea kwamba alikwenda kwa jirani kuomba sabuni, kwa sababu bibi wa nyumba hampi hata ya kuogea. Huyu ndiye anayechuma ratili 500 za pamba kwa siku kuwapita wanaume. Anakionyesha kile kipande cha sabuni kama mtu anayetoa stakabadhi. Sauti inapasuka, lakini haombi huruma, anadai hesabu yake. Kinachofuata ni mijeledi, na sitakisimulia. Nilikiona mara moja na imetosha.

Naye pia si wa usiku mmoja. The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya mwaka 2004, Lupita alikuwa kijana wa kutumwatumwa, mmoja wa wale wasioonekana. Mwaka 2009 alicheza katika tamthilia ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu wenzetu wenye ualbino. Baada ya hapo ndipo chuo kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu 2012. Ukihesabu tangu zile siku za kutumwa hadi ile sanamu ya Oscar ya Machi 2014, ni miaka kumi.

Sasa, Mhariri, mkitaka mtu wa usiku mmoja kweli, alikuwepo ukumbini humohumo mwa Oscar, usiku uleule wa tarehe 2 Machi 2014, na nyinyi hamkumtaja kabisa. Barkhad Abdi. Mzaliwa wa Mogadishu, vita vikampeleka Yemen, kisha Minneapolis mwaka 1999. Aliwahi kuendesha limuzini. Hakuwa amecheza picha hata moja. Palitangazwa majaribio ya wazi kwa Wasomali wa mji huo, wakajitokeza zaidi ya 700, akachukuliwa yeye na rafiki zake watatu kucheza maharamia katika Captain Phillips. Kisa chenyewe ni cha kwetu pia: meli ile, Maersk Alabama, ilikuwa ikija hapa Mombasa ilipotekwa Aprili 2009, na ilitia nanga bila nahodha wake, ambaye bado alikuwa mateka.

Mwelekezi Paul Greengrass hakuwaruhusu wale vijana wanne wakutane na Tom Hanks, aliyecheza nahodha, kabla ya siku ya kuvamia chumba cha usukani. Kwa hiyo Abdi anapoingia, mwembamba kama ufito, ndiyo mara yake ya kwanza kumwona Hanks uso kwa uso. Anamwambia amtazame. Kisha anamwambia, mimi ndiye nahodha sasa. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi, yalimtoka palepale. Uingereza wakampa tuzo ya BAFTA. Oscar akateuliwa, akaikosa.

Na alipata nini? Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba alilipwa dola 65,000, na kwamba upigaji picha ulipokwisha alirudi kuuza simu dukani kwa nduguye. Baadaye alipata nafasi nyingine, mojawapo katika Eye in the Sky, akicheza jasusi wa mitaa ya Eastleigh, Nairobi (Eastleigh hiyo ilipigwa Afrika Kusini, lakini tuyaache hayo). Maneno yake yale ya nahodha yako kila mahali. Wajukuu zangu wanayatumiana kwenye simu kila mmoja anaponyakua rimoti. Nimewauliza yule mtu anaitwaje. Hawajui, na hawajawahi kuuliza.

Naomba basi msahihishe habari ya Amitabh, mwandike 1973, na mumpe Amjad Khan haki yake. Barkhad Abdi naye mumwekee aya. Kama nafasi gazetini ni finyu, punguzeni gauni.

Mkata Tiketi Mstaafu,
Majengo, Mombasa