Mihogo yetu ikaguliwe kama mizabibu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ukaguzi wa magonjwa ya virusi mashambani. Katika nchi zinazolima zabibu za mvinyo, kama Ufaransa na Marekani, wataalamu hupita safu kwa safu wakichuma majani na vikonyo vya kupimwa maabara, kwa kuwa mzabibu wenye virusi vya kukunja majani huweza kuonekana mzima ilhali zabibu zake zinachelewa kuiva na sukari yake inapungua. Virusi hivyo huenezwa na vidung'ata, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, na hasa na vipando vilivyokatwa kwenye mzabibu mgonjwa.

Hapa Malindi zao letu ni muhogo, na msiba wake ni wa namna hiyohiyo. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, huenezwa na inzi weupe pamoja na vipando. Msimu uliopita niling'oa shina lililokuwa na majani ya kijani yenye kupendeza, lakini nilipoukata muhogo nikakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, yameenea hadi moyoni. Vipando vile nilipewa na jirani kwa wema mtupu, naye hakujua.

Kwa hiyo nawasihi maafisa wa kilimo wapite mashambani kabla ya masika, wachukue majani wayapime, kwani macho pekee hayatoshi, kisha watuonyeshe mashamba safi ambamo tunaweza kukata vipando.

Mkulima wa muhogo,
Malindi