Mama, Uliuliza Kwa Nini Hatukupanda Ndege

Seattle, mwezi wa tisa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Mama.

Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta wewe na Baba na wote walio hapo nyumbani mu wazima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Watoto wamerudi shule, nyumba imetulia, na sasa ndiyo napata wasaa wa kukaa nikujibu. Uliniuliza kwenye simu, ukarudia: "Hivi mwanangu, ndege zimekwisha huko Marekani, hata muwapitishe wajukuu wangu majangwani na nyumba ya kukokotwa?" Siku ile simu ilikuwa yakatikakatika, na Baba naye alikuwa ataka kusema. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jibu lake ni refu na mwisho wake nina ombi.

Ndege zipo. Kutoka hapa Seattle hadi Columbus, jimbo la Ohio, wanakoishi wakwe zangu, ni safari ya kutwa moja hata ukibadilisha ndege njiani. Kwa barabara ni karibu kilomita 4,000, yaani Mombasa na Nairobi mara nane. Wala usidhani tuliokoa pesa, maana gari likikokota mzigo hunywa mafuta karibu mara mbili. Sababu yetu ilikuwa watoto. Babu na bibi yao wa Columbus walikuwa wanawajua kwa simu. Mara chache tulizokwenda, watoto walipanda ndege wakalala, wakaamka wakaambiwa "mumefika". Nilitaka wajue kwa miili yao kwamba wazee wale wako mbali, na kwamba umbali huo tunaufuata kwa sababu yao.

Nyumba yenyewe, huku waiita kempa, ni trela la mita saba lifungwalo nyuma ya pikapu. Ndani mna kitanda chetu upande wa mbele, vitanda viwili vya kupandana nyuma kwa wale wakubwa, na meza ambayo ukiishusha na kupanga mito juu yake yawa kitanda cha kitinda mimba. Kuna jiko la gesi, friji ndogo, na choo chenye bafu la kusimama mtu mmoja. Najua lililokukaa moyoni: hapana, watoto hawakupanda humo gari likienda. Majimbo mengi yanakataza, na hata yasingekataza, baba yao asingekubali. Walikaa kwenye pikapu, mikanda imefungwa, wakabadilishana dirisha.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka mume wangu alikuwa alizunguka trela lote. Aliangalia kifungio, minyororo miwili iliyopishana chini yake, waya wa taa na breki, kisha hewa ya matairi. Mjukuu wako wa kwanza alikunja ngazi na kufunga madirisha, wa kati alihakikisha kabati zimekazwa vyombo visimwagike. Gunia la mchele na madebe ya maji tuliyapanga mbele ya magurudumu, kwa sababu uzito ukikaa nyuma trela huanza kuyumba, na likiyumba sana hulivuta gari lenyewe. Hata tangi za maji machafu wamezijua. Moja ni ya choo, nyingine ya sinki na bafu. Kila baada ya siku mbili tatu huenda kituo cha kumwagia, ukavaa glavu, ukachomeka bomba nene, ukafungua kwanza ya choo kisha ya sinki, ili maji ya sabuni yasuuze bomba. Kazi hiyo kijana aliishika na babake bila ya kulazimishwa, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia milima.

Milima nayo ipo, Mama, na uzuri wake ni wa kumtukuza Mola. Tulipanda Snoqualmie, tukavuka mto Columbia, tukaingia Idaho na Montana. Wengi walituambia tuteremke hadi Yellowstone, mbuga iliyohifadhiwa tangu 1872, yenye maji yachemkayo na kuruka juu kutoka ardhini. Tuliipita. Kwenda kuizunguka kungetula siku kadhaa, na siku hizo tulizitaka kwa wazee.

Montana tulilala kambi moja chini ya misonobari. Niliwapikia samaki wa nazi, nazi ya kopo, lakini ndimu na pilipili zilikuwa mbichi. Nilipika nje kwenye jiko la kubebeka ili harufu isitugande ndani. Mlinzi wa kambi akaja kwa adabu, akatuambia tusiache hata kijiko nje usiku, kwa kuwa dubu hunusa chakula kutoka mbali sana. Kambi nyingi za upande ule zina sanduku la chuma lenye kitasa ambacho dubu hawezi kukifungua. Tuliosha vyombo, tukafungia kila kitu. Kitinda mimba alilala akinishika mkono mpaka alfajiri.

Swala ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Tulikuwa wasafiri, kwa hivyo tulipunguza na kujumuisha: adhuhuri na alasiri pamoja, magharibi na isha pamoja. Kiangazi huku jua lachelewa kuzama hadi saa tatu za usiku, na ukielekea mashariki saa zenyewe hubadilika. Kutoka Seattle hadi Columbus unasogeza saa mbele mara tatu. Kibla nacho hakikai pamoja. Seattle tunaelekea karibu na kaskazini, na kadiri tulivyokwenda ndivyo kilivyozidi kuinamia mashariki. Wa kati ndiye aliyepewa dira, na kila tuliposimama alitangulia kutandika mikeka.

Sasa nikuelezee Wyoming, maana nilikuahidi sitakuficha. Baina ya Sheridan na Gillette ni nyasi tupu, hapana mti wa kukinga upepo. Sheria yaruhusu mwendo wa karibu kilomita 129 kwa saa, na malori marefu yanautumia wote. Sisi na trela hatukuzidi 100. Lori likikupita kwanza hukusukuma pembeni, halafu hukuvuta kwake, na siku ile upepo nao ulikuwa watupiga ubavuni. Trela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto tena. Mume wangu hakukanyaga breki ya gari. Alilegeza mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka, na kwa mkono akabana breki ya trela peke yake. Likanyooka. Nyuma nilimsikia mjukuu wako wa kati asoma Ayatul Kursi kwa sauti, akafika mwisho, akaanza upya. Tulitoka kwenye barabara kuu kwenye kituo cha kupumzikia, tukakaa hapo mpaka upepo ulipokufa jioni. Ndani ya kempa niliteleka chai ya maziwa na iliki, tukala mkate na asali, na tukaondoka roho zimetua.

South Dakota tuliona vilima vya udongo vyenye mistari ya rangi, kisha tukavuka Missouri, na baada yake Mississippi. Minnesota na Wisconsin ni mahindi na ng'ombe, sina la kukueleza zaidi.

Lakini Chicago, Mama, ndiko lilikotokea jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Trela mjini halina pa kuwekwa, kwa hivyo tuliliacha kambini Indiana tukaingia na pikapu peke yake. Niliwapeleka watoto kwenye jumba la makumbusho la Field. Huko wako wale simba wa Tsavo. Wale wale, waliowala wajenzi wa reli 1898 pale daraja la mto Tsavo, mpaka Patterson, mhandisi wa daraja hilo, akawapiga risasi mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Ngozi zao alikaa nazo miaka kama mazulia, na miaka ya 1920 akaliuzia jumba hilo. Wamesimamishwa ndani ya kioo, madume wawili wasio na singa shingoni, na ni wadogo kuliko unavyowawazia, kwa sababu ngozi zilikuwa zimekatwa pembezoni kwa ajili ya mazulia.

Nilisimama mbele yao nikamkumbuka Baba atuhadithia hadithi yao ndani ya basi la usiku, sisi tumelaliana kiti kimoja, na kila taa iliyowaka porini tulidhani ni jicho. Kitinda mimba akaniuliza, "Hawa wametoka kwa Bibi wa Mombasa?" Nikamwambia wametoka njiani kwa Bibi. Akanyamaza, kisha akataka kujua njia hiyo kempa yapita. Tangu hapo hadi Columbus maswali hayakwisha. Kuna daraja bado? Simba wengine wapo? Nani analala huko? Mimi nilijibu niliyoyajua, na mengine nikawaambia wataulizana nawe.

Wakwe zangu walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Mkwe wangu mwanamume alikuwa ameshapima kwa hatua zake nafasi ya kando ya nyumba, ameweka mawe mawili kuonyesha magurudumu yakae wapi. Alipoingia ndani ya kempa alifungua kila kabati, akajaribu kila kitasa, akakaa mezani akasema hapo ndipo atakapokunywa chai mpaka tuondoke. Na ndivyo alivyofanya. Nimeona faida moja ambayo sikuitarajia. Wazee hupenda wageni lakini huchoka nao, na nyumba yao ina choo kimoja. Sisi tulikuwa na vitanda vyetu na maji yetu, watoto wakawa waingia kwa bibi yao wakitaka, na yeye akitaka kulala adhuhuri nyumba ni kimya. Hakuna aliyehama chumba chake kwa ajili yetu.

Jioni moja kijana alimwonyesha babu yake kitabu cha ramani tulichokuwa tukichora njia yetu kwa kalamu nyekundu. Mzee akaifuata njia kwa kidole mpaka Columbus, kisha akaomba kalamu. Akageuza kitabu nyuma, kwenye karatasi nyeupe ya mwisho, akachora pwani: Barawa ya Somalia juu, akateremka Kismayu, Lamu, Malindi, mpaka Mombasa. Akawaeleza jinsi walivyoondoka kwao vita vilipozuka 1991, wakapanda jahazi, magoti kifuani kwa kukosa nafasi, maji ya kunywa yakigawanywa kwa kikombe. Mume wangu alikuwa mdogo mno wakati huo, na mengine ndiyo kwanza ayasikia. Wa kati akauliza, "Jahazi lilikuwa na vitanda?" Mzee akamwambia halikuwa navyo, lakini bibi yake alikuwa na mto mmoja, na juu ya mto huo alilala baba yake. Mama mkwe aliinuka akaenda jikoni. Mimi sikumfuata mara moja, nikamwacha kidogo.

Baadaye aliniuliza habari zako. Yeye akukumbuka tangu walipokuwa kambi ya wakimbizi Mombasa, na aikumbuka Marikiti, wauza viungo na kelele zao. Amekutilia ubani kwenye kikopo, ninao hapa.

Hiyo ndiyo sababu, Mama. Watoto hawa waliuvuka upana wa nchi, wakaona baba yao akipambana na upepo, na babu alipowatolea safari yake walikuwa na masikio ya kuisikia. Wangefika kwa ndege wangemsalimia wakakimbilia televisheni.

Na sasa ombi langu. Inshallah tuje mwaka ujao, mwezi wa Agosti, kwa sababu hapo na watoto wa kaka watakuwa wamefunga shule. Mpaka Nairobi lazima tupande ndege. Kutoka Nairobi, niruhusu tuje kwa barabara. Najua treni ya SGR yafika Miritini kwa muda wa saa tano au sita, na najua utanitajia malori ya barabara ya Nairobi. Hatutaendesha usiku hata kidogo. Nairobi kuna wanaokodisha magari ya kuendesha mwenyewe, yenye hema juu ya paa. Tutapumzika Mtito Andei, tutawaonyesha mto Tsavo na ndovu wekundu kwa vumbi la kule, tutalala Voi, na asubuhi tutasimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Sayyid Baghali tusali, kama alivyokuwa Baba akitusimamisha. Kisha Mariakani, Mazeras, Changamwe, na tuvuke Makupa kwa daraja jipya ambalo mimi sijaliona.

Nataka watoto wafike kwako wamechoka na vumbi, wajue ulipo.

Naomba Mjomba anieleze, kwa kuwa yeye ameiendesha barabara hiyo na malori miaka mingi, ni wapi pa kujaza mafuta na wapi pa kulala kwa salama. Baba aangalie mahali pa kuliweka gari, kwa sababu mitaa yetu ya Mji wa Kale haipitishi gari la aina ile. Labda upande wa Ngome au Makadara. Wewe usinunue magodoro wala usimhamishe mtu chumba. Watoto watalala sebuleni kwa mkeka, wamezoea. Mbaazi na mahamri asubuhi ya kwanza, hilo siwezi kukuficha, naliomba tangu sasa.

Nijibu mapema tafadhali, tiketi za Agosti huwahiwa. Ukikataa barabara nitakusikiliza, lakini mwambie Baba akusomee barua hii mara ya pili kabla hujakataa, na kitinda mimba naye ataka kukupigia simu Ijumaa akuombe mwenyewe.

Nisalimieni Mjomba, shangazi, kaka na wake wa kaka, na majirani wote wa barazani.

Wasalaam,
Mwanao