Dada, huo mdimu usiupulizie dawa kwanza

Asalaam aleikum dadangu. Voisi yako nimeisikiza, ati viwavi wamemaliza majani ya mdimu hapo nyuma na wataka kumwita jamaa wa kupulizia dawa, na huku nasikia kitinda mimba wako analia usiwaue. Mi niko upande wa mtoto, samahani.

Hao ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezungukazunguka hapo uani. Hachezi yule. Anaonja jani kwa miguu, eeh miguu, akishajua ni mdimu ama mlimau ndio anataga, yai moja hapa moja pale kwenye majani machanga. Muoneshe mtoto kiwavi mdogo, kahawia na weupe katikati, ukimtupia jicho wadhani ni mavi ya ndege, na ndege naye anadhani hivyohivyo anampita. Akikua anageuka kijani. Ngozi yake haipanuki, kwa hivyo kila akinenepa inambana anaivua, chini kuna nyingine. Mguse na kijiti uone anavyochomoza pembe laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali inatoka, hiyo ni ya kufukuzia sisimizi, mtoto hatadhurika.

Ila ile hadithi yako ati kiwavi analala tu ndani anaota mabawa, hiyo siipendi. Mwambie ukweli bwana. Akishiba anajifunga kwa uzi kwenye kijiti, anavua ngozi mara ya mwisho anakuwa pupa, na humo ndani sehemu kubwa ya ule mwili wa kiwavi inavunjwavunjwa inakuwa kama uji, vinabaki vijisehemu vidogo alivyokuwa navyo tangu mwanzo na hivyo ndivyo vinavyojenga mabawa na miguu mirefu na mrija wa kunyonyea maua. Mtoto anayeweza kukuuliza mbona mwezi unatufuata gari likienda, hili halimshindi. Kwa joto letu ni kama wiki mbili tatu. Siku ya kutoka mabawa yamekunjamana, anasukuma maji ya mwilini mpaka yanyooke, na hapo mtoto asimvute kumsaidia, atamtia kilema.

Tena watu wanakula kwa hao viwavi. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo uko tangu 1993, wanakijiji wanafuga, pupa zinauzwa ng'ambo. Wewe wataka kulipa wafe.

Na asije akadhani kila kiumbe kinapitia hivyo. Mende hana pupa, anatoka yaini mende mdogo asiye na mabawa, basi. Paka ndio usiseme.

Akichoka na mdimu mpeleke kwenye ile pipa ya maji nyuma ya choo, najua haina kifuniko. Ataona viluwiluwi vya mbu vinaning'inia kichwa chini vikivutia hewa juu kwa mkia, na pupa zao zilizojikunja, hizo hazili kitu lakini zinaogelea mbio ukigonga pipa. Akishaona, mwaga maji yote, sugua pembeni maana mayai yamegandia hapo, na ufunike. Wengine wao ndio wale wanaouma mchana na kueneza homa ya dengi, na ile ya 2013 hapa Mombasa sidhani umeisahau. Hiyo pesa ya dawa nunua kifuniko.